Kabla Hujampa Muuza Karanga

Wadogo zangu, leo naanza na huyu binti wa Tabata, maana barua yake imenitoa jasho. Anasema baba yake mdogo, mwalimu mstaafu, ametangulia mbele ya haki na kuacha maboksi ya vitabu "vidogo vidogo vya rangi ya chungwa, vingine vimetoka jalada". Wanandugu wamekaa kikao wakaamua vipelekwe kwa mama muuza karanga pale kona, avifanye vifungashio. Yeye moyo unasita, ndiyo anauliza: Dada, ni sawa?

Si sawa. Mama wa karanga hana kosa lolote, karatasi ni karatasi. Lakini mwombe asubiri. Jumamosi kaa chini na daftari na kalamu, toa kitabu kimoja kimoja, andika jina la kitabu, mwandishi, mwaka uliouona ndani na namba yoyote iliyo juu ya jalada au mgongoni. Usifute vumbi kwa kitambaa kibichi. Usichane chochote kilichobandikwa. Na usitupe kikaratasi kinachodondoka katikati ya kurasa mpaka uwe umemaliza kunisoma hapa.

Vitabu vidogo vya rangi ya chungwa vya mwalimu wa miaka ya sabini, dau langu naliweka kwenye African Writers Series, ule mfululizo wa Heinemann Educational Books wa London. Ulianza mwaka 1962. Alan Hill, mkubwa wa kampuni hiyo, aliona kitu ambacho wachapishaji wenzake Waingereza walikipita hivi hivi: nchi za Afrika zinapata uhuru, shule zinafunguliwa, na watoto wa shule hizo bado wanasomeshwa hadithi za theluji wasiyowahi kuigusa. Namba 1 ikawa Things Fall Apart ya Chinua Achebe. Kitabu hicho kilikuwa kimeshatoka London tangu 1958, nakala 2,000 za jalada gumu, kwa bei ya watu wa huko. Heinemann wakakirudisha kwa jalada laini, kidogo cha kuingia mfukoni. Namba 2 ni Burning Grass ya Cyprian Ekwensi, namba 3 ni Achebe tena na No Longer at Ease, na namba 4 ni Zambia Shall Be Free ya Kenneth Kaunda, ambaye wakati huo hata urais alikuwa hajaupata. Achebe mwenyewe alikuwa mshauri wa uhariri kwa miaka kumi, bila mshahara. Vitabu zaidi ya mia vilipita mikononi mwake.

Umbo na rangi waliiga kwa Penguin. Chungwa kwa riwaya, buluu kwa maandishi yasiyo ya kubuni, kijani kwa mashairi. Kwa hiyo ukikuta vya buluu na kijani ndani ya boksi usiviweke pembeni ukidhani vimepotea njia. Ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa, wengi mnaoniandikia kuhusu vitabu vya zamani mna ugonjwa mmoja: mnataka kila kitu. Leo Shaaban Robert, kesho kamusi ya Kijerumani, keshokutwa katuni. Pesa inaisha, nyumba inajaa, na ukiulizwa unakusanya nini huna jibu. Chagua mfululizo mmoja. Mfululizo una namba, una mwanzo, una ndugu wanaofahamiana, na hata ukiwa na vitano tu unajua umefika wapi na nini kimebaki. Uzuri wa namba ni kwamba zenyewe zinakusimulia mambo. Mimi nilipopanga vyangu kwa namba ndipo nilipoona kwamba mwanamke wa kwanza anaingia kwenye namba 26, Flora Nwapa na Efuru yake, mwaka 1966. Vitabu ishirini na vitano mbele yake! Haya, tuendelee, nisije nikapandwa na mori hapa.

Ngoja niwaonyeshe jinsi ya kukisoma kitabu kabla ya kukisoma. Chukua Weep Not, Child, namba 7. Juni 1962 palikuwa na mkutano wa waandishi Makerere, Kampala, na mwanafunzi mmoja wa chuo hapo, yule tunayemjua leo kama Ngũgĩ wa Thiong'o, akamfuata Achebe na mswada wake. Mswada huo ndio uliotoka 1964 kwa jina hili, riwaya ya kwanza ya Kiingereza kuchapishwa na mwandishi wa Afrika Mashariki. Lakini tazama jalada la nakala za zamani. Huoni Ngũgĩ wa Thiong'o. Unaona James Ngugi. Hata The River Between ya 1965, namba 17, na A Grain of Wheat ya 1967, namba 36, zilitoka kwa jina hilo hilo la ubatizo, kabla hajalivua. Muuzaji akikwambia "hii ndiyo ya kwanza kabisa, dada, ya sitini na nne" na jalada limeandikwa Ngũgĩ wa Thiong'o, mwitikie kwa heshima, kisha rudisha kitabu chini. Tangu mzee afariki Mei 2025, hadithi za namna hiyo zimeongezeka barabarani.

Jalada lenyewe halitoshi. Fungua ukurasa ulio nyuma ya ule wenye jina la kitabu na mchapishaji. Hapo ndipo penye cheti cha kuzaliwa. Utaona mwaka wa toleo la kwanza, halafu chini yake mstari wa miaka ambayo kitabu kilichapwa tena. Watu wanasoma mwaka wa juu, wanaruka kwa furaha. Usisome wa juu. Mwaka wa mwisho kwenye mstari ndio mwaka wa nakala uliyoshika. Kitabu kilichozaliwa 1962 kinaweza kuwa kimechapwa 1978, na hakuna aibu, ila usilipe bei ya 1962.

Kuna alama nyingine ambazo hazidanganyi. Ile namba ndefu ya ISBN ilianza kutumika ikiwa na tarakimu 10 mwaka 1970, na tarakimu 13 zimeanza Januari 2007. Nakala yenye tarakimu 13 ni ya juzi, hata kama imelowa chai na inanuka uzee. Bei iliyochapwa nyuma nayo inasema: Waingereza walibadili hesabu ya fedha zao tarehe 15 Februari 1971, wakaachana na shilingi ya peni 12, kwa hiyo bei ya shilingi na peni za kale inakupeleka kabla ya hapo au karibu yake sana. Mistari ya kusomwa na mashine dukani, hiyo ni ya miaka ya themanini kuja huku. Na kama ukurasa wa mwaka umechanika, nenda kwenye kurasa za mwisho au za mwanzo ambako Heinemann walipenda kuorodhesha vitabu vya mfululizo. Tafuta namba kubwa kuliko zote kwenye orodha ile. Nakala yako haiwezi kuwa ya kabla ya kitabu hicho kutangazwa. Mbinu hii wauzaji wengi hawaijui, kaeni nayo.

Kwenye majalada napo pana starehe yake. Kuanzia miaka ya sabini utakuta picha za George Hallett, mpiga picha wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi London, na zina nguvu ambayo michoro ya mwanzo haina. Wapo wanaokusanya Hallett peke yake, hawajali mwandishi ni nani. Mimi nawaelewa kabisa.

Ndugu mmoja wa Tanga amenijia juu: "Dada, mbona unatupeleka kwenye Kiingereza tu? Sisi wa Kiswahili tukusanye nini?" Swali la haki, na jibu ninalo. Kusanya Bwana Msa.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la East African Literature Bureau la 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikatoka 1960. Humo ndimo tulipokutana kwa mara ya kwanza na mpelelezi mwenye kiko, Bwana Msa, na sahibu yake Najum. Kikafuata Kisima cha Giningi, 1968, safari hii kwa Evans wa London. Halafu East African Publishing House ya Nairobi ikavitoa vinne mfululizo: Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975 na Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Kosa la Bwana Msa kikaja 1984. Saba. Mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuvipata vyote kabla hajazeeka, na akivipanga rafuni havifanani hata kidogo, kila mchapishaji na umbo lake. Wengine wanaona hiyo ni kasoro. Kwangu mimi hapo ndipo raha ilipo, kwa sababu unaona uchapishaji wa Afrika Mashariki ulivyokuwa ukihama mikono. Ile Bureau ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1948. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 nayo ikavunjika, na upande wa Kenya ikazaliwa Kenya Literature Bureau. Kwa hiyo jina "East African Literature Bureau" likiwa chini ya jalada, tayari unajua kitabu si cha baada ya Jumuiya kufa. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, hadithi ya kwanza ya jasusi Willy Gamba, 1974, ina jina hilo. Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971, vilevile.

Shaaban Robert je? Mheshimuni, msomeni, lakini msianzie kwake. Kusadikika ya Nelson ya 1951 ikionekana kwenye meza ya muuzaji, pembeni yake huwa pameshasimama mtu mwenye pesa kuliko wewe. Nakala za Mkuki na Nyota zipo, zinasomeka vizuri, nunueni hizo kwa kusoma.

Kuhusu mihuri. Naletewa malalamiko: "Nimepata namba 31 lakini ina mhuri wa shule, na mwanafunzi ameandika jina na kidato, nifute?" Ukifuta nitakufuata huko huko ulipo. Vitabu hivi vilitengenezwa kwa ajili ya shule. Vilisomwa na darasa zima, vikapokezana mabegi, vikapigiwa mistari na walimu wa fasihi. Ndiyo maana nakala safi ni adimu huku kwetu, na ndiyo maana yenye jina la Asha wa Kidato cha Tatu B, tarehe, na maneno "mhusika mkuu ana msimamo" pembeni kwa penseli ina kitu ambacho nakala ya mkusanyaji wa Ulaya haina. Mkusanyaji wa Ulaya ataishusha bei kwa sababu ya Asha. Muache aishushe. Wewe nunua.

Mhuri wa maktaba ni habari nyingine. Maktaba huondoa vitabu, na zikiondoa hugonga mhuri mwingine au kuandika kwamba kimeondolewa. Ukiona mhuri wa maktaba ya umma au ya chuo bila alama hiyo, na mfuko wa kadi bado umebandikwa ndani, muulize muuzaji kimetoka wapi. Akianza kutazama pembeni, ondoka. Na kama umekikuta kwenye urithi, kirudishe. Hakuna atakayekuuliza faini ya miaka arobaini, atakayekipokea atafurahi.

Sasa vile vikaratasi nilivyosema usitupe. Watu wanakusanya vitabu wakaacha vilivyovizunguka, kisha wanashangaa hawajui kitabu kilifikaje mikononi mwa mtu. Katalogi ya mchapishaji, ile ya kurasa chache iliyokuwa ikipelekwa mashuleni, weka. Kibandiko kidogo cha duka kwenye kona ya ndani ya jalada, kama cha duka la Tanzania Publishing House la Samora au Text Book Centre ya Nairobi, usikibandue, maana kinasema kitabu kiliuzwa wapi. Risiti, weka. Barua ya mchapishaji ya kumkatalia mtu mswada, hiyo weka mara mbili! Msidhani nawatania. Makaratasi ya African Writers Series yenyewe, barua za waandishi na ripoti za wasomaji wa miswada, leo yanatunzwa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, na watafiti wanasafiri kwenda kuyasoma. Ya kwetu mengi yako uvunguni mwa vitanda vya wahariri wastaafu na wapiga chapa wa zamani. Kama una mjomba aliyewahi kufanya kazi kiwandani au kwenye ofisi ya uchapishaji, nenda kamsalimie na sukari kilo mbili, muulize ana nini.

Mke mmoja kaniandikia kwamba mumewe ananunua vitabu vyenye mende. Shoga, mende ni haki yako kulalamika. Weka sheria: kitabu kikiingia nyumbani kinakaa kwanza ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha kwenye friza siku kadhaa, ndipo kitolewe na kuachwa hivyo hivyo ndani ya mfuko hadi baridi yake iishe, kisije kikalowa. Wadudu na mayai yao hufa humo. Friza ya samaki usiitumie, nadhani sina haja ya kueleza. Baada ya hapo plastiki basi, hasa ninyi wa Pwani: unyevu ukinaswa ndani, kuvu inafanya sherehe. Visimamishe rafuni, visibanane, rafu isigusane na ukuta wa nje, na jua lisivipige. Ile rangi ya chungwa mgongoni hupauka haraka kuliko mnavyodhani, ndiyo maana mnaona nakala ambayo mbele ni chungwa na ubavuni ni maziwa ya mtindi. Pini na vibanio vya chuma vitoe kabla havijaacha kutu. Selotepu naipiga marufuku. Inageuka njano, inakula karatasi, na ukiibandua inaondoka na maandishi. Na usikilazimishe kitabu kulala wazi kama mkeka. Gundi yake imeshakauka, kurasa zitamwagika zote.

Bei hamtanitoa mdomoni, zinabadilika na zinategemea mtu alivyoamka. Ila hili nalijua: wanaouza kwa intaneti kutoka Uingereza huweka bei kwa toleo la kwanza lenye jalada safi, na wauzaji wetu wakiiona bei hiyo kwenye simu wanaibandika kwenye nakala ya mwaka 1985 iliyokosa kurasa. Nenda inama za Nairobi, zile meza za chini za vitabu ambazo jina lake linajieleza, nenda kwa wauzaji wa Samora na Posta Dar, fika mapema, mzoee muuzaji mmoja au wawili, waachie orodha ya namba unazotafuta. Usimwonyeshe macho yalivyokutoka. Na asikudanganye mtu kwamba hii ni biashara ya kukutajirisha. Anayetaka faida akanunue mahindi wakati wa mavuno.

Kuazimisha? Azimisha nakala ya kusoma, ile uliyonayo mara mbili. Aliyeazima aandike jina kwenye daftari lako, kwa mkono wake, hata kama ni shemeji. Hasa kama ni shemeji.

Namalizia na kijana wa Arusha, ambaye ana nakala mbili za A Grain of Wheat, moja ya zamani ya James Ngugi na nyingine ya mwishoni mwa miaka ya themanini, na anataka kuuza hiyo ya pili kwa sababu "ni kitabu kile kile". Mdogo wangu, si kile kile. Ngũgĩ alikirekebisha, na toleo lililorekebishwa likatoka 1986. Kuna mambo aliyoyabadili, hata "Party" ya wapigania uhuru ikageuka "Movement". Kaa nazo zote mbili, moja kushoto na nyingine kulia, usome sura kwa sura na penseli mkononi, utamwona mwandishi akibishana na ujana wake mwenyewe. Ukishamaliza, kama bado unataka kuuza moja, niandikie mimi kabla hujaenda barabarani. Ya James Ngugi, tafadhali, na usinipigie bei ya London.